Ni Mpya, Ao Ilikuwako?



Kijana akitengeneza kitu, mara moja watu wanasema: «Ah, hiyo tuliionaka zamani!» Ni kweli, ao ni wivu tu? Tutazame namna waamuzi wanapima neno hili juu ya breve, ni kusema cheti cha serikali kinachompa mtu haki ya uvumbuzi wake.

Wewe ambaye baba yako alitumika Kipushi ao Kolwezi unajua flotasio: majiwe yanasagwa, yanachanganywa na maji na dawa, hewa inaingizwa, na povu linapanda pamoja na shaba. (Povu la mama anayefua nguo halipandishe hata senti, pole yake!)

Mwaka 1906, Sulman, Picard na Ballot walipata breve ya kazi ya namna hiyo kule Marekani. Bwana Hyde akaitumia Montana bila ruhusa, wakamshitaki. Naye: mafuta katika madini si mapya, Bibi Carrie Everson alipata breve yake tangu 1886! Korti ya kwanza iliwapa haki wale watatu, korti ya rufani ikawanyima. Desemba 1916 Korti Kubwa ya Marekani ikakata neno.

Waamuzi hawakuuliza tu kama mafuta yalikuwako. Yalikuwako. Waliuliza kama maandishi ya zamani yalionyesha kazi ileile. Zamani mafuta yalitiwa mengi, nayo mafuta ndiyo yalibeba madini. Hawa walitia kidogo sana, chini ya kilo 1 kwa kilo 100 za majiwe, wakakoroga kwa nguvu, na hewa ndiyo ilibeba. Basi ile ya zamani haikuvunja hii.

Anayesema «ilikuwako» anapaswa kuleta andiko moja lenye mambo yote ndani yake. Asishone kipande cha huku na kipande cha kule. Kama fundi wa kawaida angeweza kuviunganisha mwenyewe, hilo ni ulizo lingine, nalo linapimwa mbali. Kwa hiyo mzee akikuambia «tuliionaka», umuulize kwa heshima: «Baba, mliona yote, ao mafuta tu?»

Lakini wale watatu nao hawakupata yote. Madai matatu ya breve yao yalianguka: waliandika «mafuta kidogo», bila kutaja kipimo.