Maoni ya Kapita: Nani Alikula Sukari ya Mkate?



Katika toleo lililopita ndugu mmoja wa mwaka wa tano aliandika kwamba mkate wetu wa siku ya Mungu umekuwa mweupe kama ukuta na hauna utamu, na ya kwamba dawa yake ni moja tu: kuongeza sukari mara mbili. Juma lilelile Bwana Ekonome alisema asubuhi, wakati wa kupanga mistari, kwamba dawa ni kuiondoa kabisa, maana sukari ni bei kali na tena "inapotea". Mimi sikubaliani na yule wala na huyu. Kama Bwana Ekonome atasoma hapa, anisamehe, ninasema kwa heshima. Lakini neno lile "inapotea" njo lilinifanya nishike bic, kwa sababu mimi mwenyewe nililiamini, na nilimwazibu mtoto wa wenyewe bure.

Mnakumbuka siku ya posho ya mwisho mbele ya vakanse ya Pasaka. Timu ya jikoni ilipewa kilo 5 za unga wa ngano na gramu 200 za sukari, ni kusema gramu 40 kwa kilo moja, namna ya siku zote. Mama wa jikoni alipima mwenyewe mbele yangu, akampa mtoto mmoja wa mwaka wa saba aipeleke fasi wanakokandia. Wakakanda. Furu ilikuwa imekwisha kuwashwa, ikaanza kupata moto, halafu mvua ikanyesha na kuni zikalowana zote. Moto haukufika. Basi tukafunika unga kwa kitambaa, tukausukuma karibu na ukuta wa furu uliokuwa bado na joto, tukaenda kulala. Saa kumi na moja asubuhi wakaleta kuni kavu, wakachoma.

Mlikula ule mkate. Ulikuwa mweupe, umelala chini, na harufu yake ilikuwa kama ya pombe ya jana. Katika chumba cha kulia watu wakaanza kupiga meza: "Baliiba sukari! Baliiba sukari!" Mimi, kapita, nikataka kelele ziishe upesi. Nikauliza nani alibeba sukari. Wakamsukuma yule mtoto mbele.

"Yaya, miye sikuiba. Niliweka yote yenye Mama alinipatia."

Nikamwambia: "Kama uliweka yote, iko wapi?"

Hakujua la kujibu. Nikaona kunyamaza kwake ni kukubali kosa, nikaandika jina lake katika kaye ya azabu: kukata majani nyuma ya vyoo, mchana mbili. Aliyakata yote.

Vakanse ilipofika nilishuka kwetu Uvira. Mama yangu anachoma mikate nyumbani ya kuuzisha asubuhi. Hana furu. Anatia mchanga chini ya sufuria kubwa, anaweka juu yake sufuria ndogo yenye unga, anafunika, makala chini na makala juu ya kifuniko. Nilimhadisia ile habari ya mwizi wa sukari, na ninaungama kwamba nilimhadisia kwa majivuno, ili ajue mwanawe ni kapita asiyecheza na watu. Yeye akaendelea kukanda tu. Kisha akauliza:

"Ule unga ulilala usiku muzima?"

"Ndiyo, mama."

"Karibu na moto?"

"Karibu na furu."

"Basi, mwizi ni levire. Mutoto ulimuonea."

Mama alisoma mpaka mwaka wa tatu wa shule ya msingi. Mimi niko finaliste wa kemia na biolojia. Mambo ya levire nimeyaandika katika interogasyo zaidi ya mara moja na kupata pwe nzuri, lakini siku yalipokuja katika mkate, mdomoni mwangu, sikuyatambua.

Maana tulifundishwa wazi. Levire si unga wa dukani tu. Ni kiumbe chenye uhai, na Louis Pasteur alionyesha katika miaka ya 1850 kwamba kuchachuka ni kazi ya viumbe kama hivyo. Levire ikipata sukari inaikata kwanza vipande viwili, glikozi na fruktozi, halafu inavila. Inapovila inatoa gazi kaboniki, ile hewa inayovimbisha unga, na alkoli, ile harufu mliyoisikia. Ikipewa joto na saa kumi za usiku, gramu 40 kwa kilo si kitu kwake. Asubuhi inabaki kidogo sana, na mahali pa sukari kumekuja uchungu wa kuchachuka. Jina la yule mtoto halimo katika hesabu hiyo.

Mimi nilikuwa bado na kichwa kigumu, nikataka kuona kwa macho. Tukakanda unga mara mbili, nusu kilo na nusu kilo, kila moja gramu 20 za sukari, chumvi sawa, levire sawa. Wa kwanza tuliuchoma nyuma ya saa mbili. Ulitoka na rangi ya udongo mwekundu na utamu wake kidogo. Wa pili tuliuacha karibu na makala mpaka alfajiri, tukauchoma katika sufuria ileile. Ulikuwa ndugu wa mapacha wa mkate wetu wa siku ile. Dada zangu walikataa kuumaliza, tukawapa kuku.

Kesho yake mama akanionyesha namna yake kwa siku ambayo kuni au nguvu hazitoshi jioni. Usiku anakanda nusu ya unga tu, kwa maji na levire kidogo sana, bila sukari. Asubuhi anaongeza nusu ya unga iliyobaki, sukari, chumvi na mafuta, anakanda tena, anangoja uvimbe, anachoma. Gramu 20 zilezile. Ulitoka mwekundu na harufu nzuri, maana sukari ilikuja wakati levire haina tena usiku mzima wa kuila.

Sasa nirudi kwa ndugu wa mwaka wa tano. Kama tungeongeza mara mbili ile siku, tungekuwa na mkate uleule mchachu wenye utamu kidogo, na gramu 400 zimekwisha. Tena furu yetu mnaijua: nyuma ina moto kuliko mbele. Sukari ikiwa nyingi, ganda linaungua mbele ndani kuiva, na wale wanaopata mikate ya nyuma watalia zaidi. Na ukipita gramu 100 kwa kilo levire yenyewe inaanza kulegea, kwa sababu sukari nyingi inavuta maji na kumnyima yeye. Kuna watu wanaofikiri kwamba kadiri unavyotia sukari ndivyo unga unavyovimba. Kidogo inasaidia mwanzo, nyingi inazuia.

Kwa Bwana Ekonome nakubali jambo moja: bila sukari mkate utapanda. Unga wa ngano una wanga, na katika unga uliolowana sehemu ya wanga ule inageuka kuwa sukari yenyewe, levire inapata chakula chake. Wafaransa wanachoma mikate yao mirefu bila kijiko kimoja cha sukari. Lakini wao wana furu za moto mkali sana. Katika furu yetu ya matofali, na zaidi katika sufuria ya nyumbani, ile sukari kidogo njo inalipa ganda rangi, na inashika maji ndani ya mkate ili usiwe jiwe saa sita. Sisi tunakula asubuhi na kubakiza kipande cha saa kumi. Anayekula mkate wa jana bila chai anajua ninalosema.

Lakini si lazima iwe 40. Mama anatia 30 kwa kilo na mikate yake inaisha mbele ya saa mbili. Sukari tunayonunua leo inatoka inje, inapita mipaka na barabara mbaya. Babu yangu alikata miwa Kiliba, pale karibu na Uvira, na kile kiwanda kilisimama katika vita vya 1996. Wazee walikihesabu kama ndugu aliyekufa. Kwa hiyo kupunguza ninaelewa. Ninachoomba ni kupunguza kwa kipimo: posho hii 35, posho inayofuata 30, na tusibadilishe kitu kingine chochote siku hiyo, ama sivyo hatutajua ni nini kilichoharibu au kutengeneza. Na tuangalie chumvi. Mara nyingi mtu anasema "haina sukari" kumbe ni chumvi iliyosahauliwa. Chumvi kidogo inafanya utamu usikike.

Tena kuna shauri la kijiko. Nilichukua watu watano wa timu ya jikoni, nikawaambia kila mmoja atie vijiko vitatu vya sukari katika karatasi, tukaenda kupima kwa mizani ya labo (asante kwa Mwalimu wa kemia aliyetufungulia). Mmoja alileta karibu mara mbili ya mwenzake! Wote walisema kweli: walitia vijiko vitatu. Ila huyu alijaza kilima, yule alisawazisha. Kijiko kikubwa cha mezani kikisawazishwa kwa kisu kinashika karibu gramu 12. Kile cha chai karibu gramu 4. Kilo moja ya unga kwa gramu 40 ni vijiko vikubwa vitatu na cha chai kimoja, vyote vya kusawazisha. Dada za ushoni wanaochoma keki ya sikukuu, neno hili ni lenu pia, na kwenu ni gumu zaidi. Katika keki sukari ikipigwa pamoja na margarini inashika hewa, njo maana mkiondoa yote keki inakaa kama kuku wa mbao. Kuondoa robo haina shida. Mkiwa na ndizi zilizoiva sana, zile za madoa meusi ambazo sokoni wanaziuza kwa bei ya huruma, mnaweza kuondoa zaidi, maana wanga wake umekwisha kugeuka sukari. Lakini punguzeni maziwa au maji, ndizi ina maji yake.

Maoni yangu njo haya. Jikoni kuwe na kaye, imefungwa kwa kamba ukutani pamoja na bic yake, na kila posho waandike: unga kilo ngapi, sukari gramu ngapi, nani alipima, saa ya kukanda, saa ya kuchoma, na unga ulikaa wapi. Mstari mmoja unatosha. Mkate ukiharibika, kapita aende kusoma kaye ile mbele ya kufungua kaye ya azabu. Kama ile posho tungekuwa tumeandika "saa kumi na mbili jioni" na "saa kumi na moja asubuhi" katika mstari mmoja, hata mimi ningeona. Wengine watasema ni kazi ya bure kwa ajili ya sukari ya mkono mmoja. Lakini kwa sukari ya mkono mmoja mtoto wa watu aliitwa mwizi mbele ya interna nzima, na jina hilo lingali linamfuata: wiki jana nilisikia mtu akimwita "Sukari" pa kisima. Anayemwita hivyo tena aniite mimi, jina ni langu.

Nilikwenda kwa Bwana Prefe nikamweleza yote. Alinisikiliza, akanipa ruhusa ya kufuta jina katika kaye ya azabu, na akaniambia nisifute kwa kufinika wino mweusi, ila niandike pembeni kwamba kapita alikosa. Nimeandika. Kisha nilimtafuta mtoto mwenyewe kwenye dortwari, nikamwomba msamaha mbele ya wale walewale waliomsukuma. Akasema, "Haiko kitu, yaya," huku anaangalia viatu vyake. Sijui kama ni kweli haiko kitu.

Mchana mbili siwezi kumrudishia. Lakini siku ya ine hii, saa nane, darasa lao lina zamu ya majani nyuma ya vyoo, na sehemu yake nitaikata mimi. Panga ninayo. Wale wanaotaka kuja kunicheka wanajua fasi.

Kapita wenu, mwaka wa sita