Peni si Senti

Wako wafasiri na walimu wa lugha waaminio kuwa nahau ya fedha huhamishwa kutoka Kiingereza kuingia Kiswahili kwa kubadili sarafu tu, kama msafiri abadilivyo noti zake mpakani. Penye peni huandika senti, wakaridhika. Kazi hiyo ni nyepesi, na wepesi wake ndio kosa lake.

Mwingereza aliyekawia kufahamu jambo, kisha akili ikamfunguka ghafula, husemwa kuwa peni yake imeanguka. Maneno hayo hayahusu fedha hata kidogo. Ndani yake mna mashine: zile ambazo mtu alitia sarafu tunduni, akangoja, na hazikutoa kitu mpaka sarafu imetua chini. Msomaji wa Kiswahili akiambiwa kuwa senti ya fulani imeanguka, ataitafuta sakafuni. Kadhalika mtu aliyekwenda "kutumia peni" hakwenda dukani. Amekwenda haja ndogo, kwa kuwa milango ya vyoo vya umma Uingereza ilikuwa na kufuli zilizofunguka kwa peni moja. Kiswahili kina "kwenda msalani", maneno yenye adabu ile ile. Ayaachaye akaandika senti amefasiri kufuli, hakufasiri adabu.

Hata hesabu hailingani. Hadi Februari 1971 pauni moja ilikuwa peni 240, na chini ya peni palikuwa na sarafu ya robo yake, iliyoacha kuwa fedha halali mwisho wa mwaka 1960. Aliyeitwa mwenye busara ya peni na upumbavu wa pauni alipimwa kwa 240, si kwa mia. Na ile peni ya kununulia mawazo ya mtu aliyezama katika fikira, ambayo John Heywood aliitia katika kitabu chake cha methali mwaka 1546, zama zake ilikuwa ya madini ya fedha. Huo si mfano wa kitu duni.

Hujitetea kwamba sarafu hizo zimekufa, basi mwanafunzi asisumbuliwe na habari zake. Wamesahau vinywa vyao wenyewe. Pesa ilikuwa sarafu ndogo ya shaba, 64 kwa rupia, aliyoipiga Seyyid Barghash wa Unguja kwa mwaka wa Hijiria 1299. Hela ni heller ya Wajerumani, 100 kwa rupia, iliyoletwa katika koloni lao la Afrika Mashariki mwaka 1904. Zote mbili zimekwisha sokoni zamani. Walakini asemaye leo kuwa hana hela hawakumbuki Wajerumani wala hahesabu rupia. Na Mwingereza atakayemfasiri kuwa amekosa heller atachekwa, tena na wale wale waandikao "senti zangu mbili" wakitaka kutoa maoni.