Wiki Moja Sigalame na Programu Isiyojua Kisamia

Nimekuwa kimya karibu mwezi mzima na baadhi yenu mmeniandikia barua pepe mkiuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Nilikuwa Sigalame, huko Samia, kaunti ya Busia, nimekaa nyuma ya darasa la Gredi ya 2 kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, magoti yakinigusa kidevu kwa sababu dawati lilitengenezewa mtoto wa miaka 7. Shule siitaji. Walimu walinipokea vizuri, na makosa nitakayoyasema hapa si yao. Ni yetu sisi tunaoandika programu, na la kwanza ni langu mwenyewe.

Nilienda na programu ya hesabu niliyoitengeneza kwa miezi mitano, pamoja na tableti 15 kuukuu nilizonunua kwa pesa zangu. Nilikuwa na hakika kabisa. Rangi nzuri, sauti, nyota zinazodondoka mtoto akipata jibu. Marafiki zangu Nairobi waliijaribu wakaisifu. Bila shaka waliisifu, wote wana digrii.

Jumatatu nilijifunza kuhusu muda. Somo katika gredi za chini ni dakika 30. Kutoa tableti mkobani, kugawia watoto 60 na ushei, kuwapanga wanne wanne, kuwasha, kungoja programu ifunguke: dakika 12. Kukusanya na kuhesabu kama zote zimerudi: dakika 5. Zikabaki 13, na katika hizo 13 kila tableti ilikuwa na mtoto mmoja aliyeishika, mmoja anayemnyang'anya, na wawili wanaotazama visogo vya wenzao. Mwalimu alisimama pembeni amekunja mikono. Somo lake nilikuwa nimelichukua mimi.

Jumanne jioni nikafungua kumbukumbu za programu nione wamefanyaje. Kila swali lina majibu manne ya kuchagua. Watoto walikuwa wamepata karibu robo. Ndugu msomaji, hata kuku akidonoa skrini atapata robo! Tena walikuwa wakibofya haraka mno, kabla mtu hajamaliza kusoma mstari wa kwanza wa swali. Hawakuwa wanasoma. Walikuwa wanawinda nyota.

Nikasema shida ni mafunzo, kesho nitawaeleza vizuri zaidi. (Hiyo ndiyo dawa yetu sisi watu wa tarakilishi: programu haikosei, ni mtumiaji hajaelewa.)

Jumatano mwalimu akaniomba kwa upole nizime tableti kidogo. Akachukua swali langu moja. Kwenye programu liliandikwa kwa Kiingereza, Tom ana machungwa 14, anagawa 6, na mwisho linauliza "how many are left?" Akawasomea kama lilivyo. Kimya. Mtoto mmoja wa kike mstari wa pili akainua mkono wa kushoto, akautikisa ili tuuone vizuri. Sikuelewa. Mwalimu akaelewa mara moja, akacheka mpaka akashika ubao. Walikuwa wamefundishwa "left" na "right" mwezi uliopita, na mtoto alikuwa amesikia neno moja analolijua katika sentensi nzima, akalijibu kwa usahihi kabisa.

Kisha mwalimu akaigeuza kwa Kisamia. Mama ametoka Sio Port na samaki 14, njiani ameuza 6, amefika nyumbani na wangapi? Mikono ikapanda. Wengine wakasimama kabisa, wengine wakataja jibu kabla ya kuitwa. Nane. Ni hesabu ileile! Kumi na nne kutoa sita. Programu yangu ya miezi mitano ilikuwa imewapima Kiingereza na kuwaandikia kwamba hawajui hesabu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba jibu hili lilishapatikana, tena papa hapa Busia. Watu wengi hawajui kwamba shule za msingi za Busia na Teso ni miongoni mwa zilizochunguzwa sana duniani. Kuanzia katikati ya miaka ya 1990 watafiti wa Marekani, akiwemo Michael Kremer, walifanya majaribio hapa wakishirikiana na shirika la Kidachi la ICS. Jaribio la dawa za minyoo, lililoanza 1998 katika shule 75, zikiwemo za tarafa za Funyula na Budalangi, limesomwa kila mahali. Kremer alipata Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 2019 pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, kwa majaribio ya aina hiyo.

Lakini kabla ya minyoo kulikuwa na vitabu. Mwaka 1996 shule 25 kati ya 100 zilipewa vitabu vya kiada, na nyingine zikangoja, ili walinganishe. Kila mtu alitarajia alama zipande. Hazikupanda kwa wastani. Waliofaidika ni wanafunzi waliokuwa tayari juu darasani. Glewwe, Kremer na Moulin walipochapisha makala yao mwaka 2009 walitaja sababu moja ambayo mama yeyote wa Samia angewaambia bure: vitabu vilikuwa kwa Kiingereza, na kwa wengi wa watoto hao Kiingereza ni lugha ya tatu. Wakajaribu na chati za kutundika ukutani katika shule 178, nusu zikapewa na nusu zikanyimwa. Hakuna kitu.

Sasa hebu fikiria. Kitabu cha Kiingereza kilimshinda mtoto wa Busia mwaka 1996. Sisi tukachukua kitabu kilekile, tukakitia taa nyuma, tukaweka wimbo, tukakiita mapinduzi ya elimu. Mwaka 2013 tuliahidiwa vipakatalishi kwa kila mtoto wa darasa la kwanza (mnakumbuka neno hilo lilivyovuma redioni?). Ahadi ikageuka tableti, zikaanza kugawiwa 2016, zaidi ya milioni moja kote nchini. Na si Kenya tu. Peru ilinunua laki kadhaa za zile laptopu za bei nafuu za Negroponte, na tathmini iliyotoka 2012 haikuona mabadiliko katika hesabu wala lugha. Karibu nasi zaidi, Kisumu, mradi wa PRIMR ulilinganisha njia tatu: tableti kwa maofisa wanaotembelea walimu, tableti kwa walimu, na vifaa vya kusomea kwa watoto wenyewe. Kuweka vifaa darasani hakukuongeza usomaji kwa kiasi cha maana kuliko mpango wenyewe bila vifaa hivyo. Waliofuata na Tusome mwaka 2015 walisikia: mtoto akapewa kitabu chake cha karatasi, mwalimu akapewa mwongozo, na tableti akapewa ofisa anayepita shuleni kumsikiliza mwalimu akifundisha. Sidhani kama kuna hakathoni ya Nairobi iliyowahi kutoa wazo la kuchosha namna hiyo. Lingekosa zawadi.

Najua kuna msomaji atakayenirushia jaribio jingine la PRIMR, lile la Kikamba na Kilubukusu, ambapo watoto waliofundishwa kwa lugha ya mama waliisoma lugha hiyo vizuri zaidi lakini hawakupata faida ya ziada katika Kiingereza wala Kiswahili, na hesabu zao hazikuwashinda wenzao. Nalikubali. Limenizuia nisiandike kichwa chenye majigambo zaidi. Kubadilisha lugha peke yake si dawa. Lakini hakuna jaribio litakalonishawishi kwamba yule mtoto wa mkono wa kushoto alikuwa na shida ya kutoa sita kwenye kumi na nne.

Na msiniambie sera hairuhusu. Sera inaruhusu tangu ripoti ya Gachathi ya 1976, na mtaala mpya wa umilisi unarudia neno hilohilo: miaka mitatu ya mwanzo mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo lake. Ng'ambo ya mpaka, Wasamia wenzetu wa Uganda wana sera kama hiyo tangu 2007. Tanzania mtoto wa shule ya serikali hujifunza hesabu kwa Kiswahili na mbingu hazijaanguka. Ila angalia ratiba ya gredi za chini ilivyo tangu ipunguzwe 2024: masomo 31 kwa wiki, Kiingereza 5, Kiswahili 4, lugha ya kienyeji 2. Kitabu cha hesabu? Kiingereza. Mwalimu ndiye anayetafsiri kwa mdomo, kila siku, bila kulipwa kama mkalimani.

Tukae hapo kwenye 31. Sisi waandishi wa programu tunajua kutafuta mahali kazi inapokwama. Masomo 31 kwa dakika 30 ni dakika 930, saa kumi na tano na nusu. Ukitaka kumsikiliza kila mtoto akisoma kwa sauti dakika 2 tu kwa wiki, darasa la 60 linakula dakika 120, yaani masomo 4 kamili kati ya 11 ya lugha. Hapo ndipo panapokwama. Kinachokosekana ni sikio la mtu mzima. Programu yoyote inayoanza kwa kula dakika 17 za kugawa na kukusanya imemwibia mtoto sikio hilo, hata kama ni ya bure, hata kama ni programu huria. Mimi nimepigia debe programu huria tangu enzi za Jambo OpenOffice mwaka 2004, na nasema hivyo.

Alhamisi sikuwasha chochote. Nilichonga penseli.

Ijumaa mchana mwalimu akanionyesha daftari. Kila akimsikia mtoto akisoma anaweka tiki kando ya jina. Daftari limechakaa, kurasa nyingine zimelowa, na mwishoni mwa wiki hana muda wa kuhesabu. Akaniuliza, "Wewe wa kompyuta, huwezi kunifanyia kitu kiniambie tu ni nani sijamsikia?"

Kumbe hilo ndilo lilikuwa swali, na hakuna aliyemuuliza, nikiwemo mimi, ambaye nilikaa miezi mitano nikichora nyota.

Nikaandika Jumamosi. Mistari haifiki 300. Inafanya kazi kwenye rununu yake ileile, bila intaneti, bila kujisajili, bila rangi. Orodha ya majina, gusa ukimsikia, na asubuhi inapanga juu wale waliokaa muda mrefu bila kusikika. Jumapili akaingiza tiki za mwezi mzima kutoka kwenye daftari, akanitumia ujumbe: watoto 9 hawana hata tiki moja. Saba kati yao hukaa nyuma, safu niliyokaa mimi wiki nzima. Jumatatu alianza nao.

Msimbo ni huria, anayeutaka aniandikie nimtumie. Ile programu ya nyota nimeiondoa. Sehemu ya maswali ya hesabu nitaifufua, lakini kwa sauti badala ya maandishi, itoke kwenye rununu ya mwalimu darasa zima lisikie, na hapo nahitaji msaada. Natafuta mtu anayezungumza Kisamia cha Funyula, mwenye subira ya kurekodi maswali 200. Awe anajua pia samaki wanauzwaje Sio Port, kwa sababu watoto wale watamsahihisha.