Leso Iliyopotea na Mkufu Uliopotea



Wiki hii tunawaletea wasomaji wetu habari ya tamthilia ya Shakespeare iitwayo Othello, iliyochezwa mbele ya mfalme wa Uingereza mwaka 1604. Huenda mzazi akauliza, ukurasa wa familia una haja gani na mchezo wa Wazungu? Haja ipo, kwani kisa chenyewe ni cha mume na mke.

Othello ni jemadari mweusi, Mmaghribi kwa asili, anayeutumikia mji wa Venice. Amemuoa Desdemona, binti wa mtu mkubwa. Askari wake Iago, kwa husuda, anamtia shaka kwamba mkewe ana uhusiano na Cassio. Ushahidi anaouonyesha ni leso (tunakusudia kitambaa cha mkononi, si kanga kama wasemavyo ndugu zetu wa Mombasa). Desdemona aliidondosha, Emilia mke wa Iago akaiokota na kumpa mumewe, naye akaitupa chumbani kwa Cassio. Kwa leso hiyo mwanamke akauawa kitandani pake.

Mara nyingi husemwa kuwa hiki ni kisa cha wivu. Sisi tunaona wivu ni nusu tu ya maradhi. Ghera ya mume juu ya mkewe si aibu katika dini yetu. Nusu ya pili ni kwamba kauli ya mwanamke haikupewa uzito wowote. Baba yake Desdemona ndiye wa mwanzo kumwonya mkwewe kwamba binti aliyemhadaa mzazi aweza kumhadaa na mume. Baadaye Iago akayatumia maneno hayo hayo. Mchezo mzima una wanawake watatu wenye kusema, na hakuna hata mmoja asiyeitwa kahaba na mwanamme. Othello alimuuliza Emilia, naye akaapa kwamba bibi yake ni msafi. Akampuuza, akijiambia kuwa kuwadi yeyote angesema hivyo hivyo. Usiku ule ule Emilia aliutoa ukweli mbele ya watu, Iago akamwamuru anyamaze, na alipokataa akamchoma upanga. Safari hii Othello alimsadiki, lakini Desdemona alikuwa keshakufa.

Sasa tukumbuke mkufu wa Mama wa Waumini, Bibi Aisha (R.A.), uliopotea wakati wa kurejea kutoka vita vya Banu Mustaliq. Aliutafuta, msafara ukamwacha, Safwan bin Muattal akamkuta na kumpandisha ngamia wake. Abdullah bin Ubayy akaukuza uzushi, Madina ikanong'ona kiasi cha mwezi mzima. Mtume (S.A.W.) aliumia kama aumiavyo mume yeyote, lakini tazama alivyofanya. Alimuuliza Barira, mtumishi wa nyumbani, naye akasema hajaona aibu yoyote kwake, ila ni msichana mdogo asinziaye akauacha unga uliokandwa ukaliwa na mbuzi. Alimuuliza Bibi Zaynab bint Jahsh, ambaye ni mke mwenza, naye akashuhudia kheri. Kauli za wanawake hawa hakuzipuuza. Kisha zikateremka aya za Suratun Nur zinazomtakasa Bibi Aisha.

Katika Sura hiyo hiyo, aya ya 6 hadi ya 9, mume anayemtuhumu mkewe bila shahidi anatakiwa aape mara nne na ya tano ajilaani akiwa mwongo. Mke naye huapa vivyo hivyo, na kiapo chake kinamwondolea adhabu.

Hapa Pemba leso ya zama zetu ni simu: ujumbe uliosomwa nusu, namba isiyo na jina, au picha iliyoletwa na rafiki mwenye jambo lake. Suratun Nisaa, aya ya 35, imetuwekea waamuzi wawili, mmoja wa upande wa mume na mmoja wa upande wa mke. Lakini kesi zinapotufikia msikitini, mara nyingi talaka imekwisha kutamkwa. Tukimuuliza mume mkewe alisema nini alipoulizwa, huinamisha kichwa. Hakumuuliza. Mke yuko kwao tangu juzi, na watoto wamegawanywa nyumba mbili.