NYEKUNDU NA ZAMBARAU, UBEBERU NI ULE ULE



Wasomi wa Ulaya na Marekani wamekisifu kwa zaidi ya miaka mia moja kitabu kiitwacho Heart of Darkness, cha Joseph Conrad, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1899. Msimulizi wake, baharia Mwingereza aitwaye Marlow, anakwenda Kongo ya Mfalme Leopold. Huko anaona Waafrika waliofungwa minyororo shingoni, na wengine wanaokufa kwa njaa chini ya miti. Anamhurumia mmoja, anampa biskuti. Kisha anakwenda zake kuendesha meli ya kampuni ile ile.

Wengi husema Marlow ni adui wa ubeberu. Sisi twasema mtazameni vizuri. Kabla ya kusafiri, katika ofisi ya kampuni, anaitazama ramani iliyopakwa rangi za wenye makoloni. Nyekundu ya Uingereza inampendeza, maana huko, kwa mawazo yake, kazi ya kweli inafanyika. Pwani ya Mashariki anaona doa la zambarau la Wajeremani, naye analifanyia mzaha wa wanywa bia. Nyani haoni kundule.

Doa lile, ndugu, lilikuwa sisi. Ukami, nchi ya hapa Morogoro, ilikuwa miongoni mwa nchi ambazo Karl Peters alidai kuzipata kwa mikataba ya mwaka 1884. Ikafuata kodi ya nyumba, ikafuata pamba ya kulazimishwa, na Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 vikaua watu wengi mno kwa risasi na kwa njaa. Mzaha uko wapi hapo?

Mwezi Agosti 1916 Waingereza waliiteka Morogoro, na zambarau ikageuka nyekundu. Ile kazi ya kweli wazee wetu waliiona. Kuanzia mwaka 1950 Waluguru walilazimishwa kuchonga matuta ya ngazi milimani. Hatukatai kwamba mvua ilikuwa ikichukua udongo. Tunachokataa ni kwamba bwana shamba aliujua mlima kuliko waliozaliwa juu yake. Udongo wenye rutuba ulikuwa mwembamba. Matuta yakaufukia na kuleta juu udongo usiozaa. Julai 1955 watu wa Matombo walisema basi. Polisi walipiga risasi, mtu mmoja akafa, na mpango ule ukaachwa.

Hata leo, miaka mingi baada ya Uhuru wa 1961, wako wenzetu wasemao, "Mwingereza alikuwa afadhali." Hayo ni mawazo ya Marlow kwa Kiswahili safi. Aliyepigwa fimbo mbili haulizwi ipi ilikuwa tamu.

Kitabu hicho kisomwe, hatuogopi kitabu. Lakini kila mwalimu atakayekifundisha afundishe na habari za Matombo, na kila tawi liwaite wazee waliobaki waseme na vijana wasikie. Tukiambiwa "afadhali," tuulize mara moja: afadhali kwa nani?