Eti Filme za Wafaransa Ndizo Zilileta

Hapa Goma tunasikia kila siku: eti mapenzi ya mwanaume na mwanaume yaliingia na filme za Wafaransa. Sisi tunakataa. Filme "Dakan" ya mwaka 1997 ilitengenezwa na Mohamed Camara, mwana wa Guinea. Feza ya Wafaransa iliingia mule, ni kweli. Lakini Manga na Sory wanaopendana ni vijana wa Guinea, na mama wa Manga, alipojua, alimupeleka mtoto kwa mganga. Mama mwenye kulia, mganga wa kienyeji: hiyo nayo ni Paris?

Wenye kushika mawe wanajifunika na sheria na mila. Sheria gani? Katiba ya 2006, kifungu cha 40, inasema ndoa ni ya watu wa jinsia mbili tofauti. Haisemi mutu apigwe ao afukuzwe kwao. Na mila gani? Wazee wetu kwenye baraza walisikiliza kila mmoja mbele ya kukata neno. Siye tunamufukuza mtoto wetu usiku, ku njia, katika mji huu wenye bunduki, halafu tunarudi kukaa kwenye televisheni na kulaumu Ufaransa.