Mchezaji wa Kumi na Moja Mlimweka Wapi?

Tarehe 21 Januari 2024, kwenye AFCON mjini San Pedro, Zambia walicheza kipindi kizima cha pili wakiwa 10 uwanjani. Roderick Kabwe alilimwa kadi nyekundu dakika ya 44. Taifa Stars wa Tanzania walikuwa mbele tangu dakika ya 11, Samatta kampa Msuva, Msuva kafunga. Ikafika dakika ya 88, Clatous Chama, ambaye Simba pale Msimbazi wanaijua miguu yake kuliko mtu yeyote, akapiga kona na Patson Daka akaizamisha kwa kichwa. 1-1. Tulianza kucheza fainali za AFCON mwaka 1980, na siku ile tulibakiza dakika mbili tu, pamoja na za nyongeza, kupata ushindi wetu wa kwanza. Siku tatu baadaye tukatoka suluhu na DR Kongo. Ushindi na suluhu vingetupa pointi 4. Tukarudi nyumbani na 2.

Hapa Tooting, kusini mwa London, nimesikia watu wazima wakiiita siku ile bahati mbaya, na nimechoka kulisikia neno hilo. Timu yenye watu 11 haipaswi kuwa inaokoa kona golini kwake dakika za lala salama mbele ya watu 10. Mpira ulifikaje kule? Uliachwa ufike. Sitambebesha Hemed Suleiman ‘Morocco’ mzigo wote, maana alikabidhiwa timu katikati ya mashindano baada ya CAF kumfungia Adel Amrouche. Ila ugonjwa huu ni mkubwa kuliko yeye. Kwa makocha wetu wengi, kusoma mchezo maana yake ni kuangalia ubao wa matokeo. Ukisema tunaongoza, wanarudi nyuma. Ukisema tumefungwa, wanarundika washambuliaji.

Kadi nyekundu humpa kocha wa timu iliyobaki kamili mtihani mgumu kuliko anavyodhani. Mpinzani aliyepungua kwa kawaida hujipanga mabeki wanne, viungo wanne na mshambuliaji mmoja. Mtu wako wa ziada basi hayuko mbele kwenye goli lao. Yuko nyuma kabisa, ambako mabeki wako wawili wa kati wanamlinda mtu mmoja. Wakibaki wote wawili pale, ile kadi haijakusaidia chochote. Mmoja lazima atoke na mpira miguuni, apande nao mpaka kiungo wao alazimike kuacha nafasi yake na kumfuata. Akishatoka huyo, kuna mtu wako amebaki huru, naye apewe mpira. Mawinga wakanyage chaki ili wale wanne wavutike, mpira uhamishwe kulia kwenda kushoto, tena na tena, mpaka miguu yao iwe mizito. Na kama unaongoza, huo huo mpira ndio ulinzi wako, kwa sababu mtu anayeukimbiza hapigi kona.

Hayo yote kocha anaweza kuyaagiza bila kumtoa mchezaji hata mmoja. Ndiyo maana napandwa na hasira ninaposikia watangazaji wakisema kocha “amefanya mabadiliko” pale tu kibao cha namba kinaponyanyuliwa. Leo kocha ana wachezaji watano wa kuingiza, katika nafasi tatu ukiacha mapumziko, na anaruhusiwa kusimama pembeni mwa uwanja akaelekeza. Hakuna kizazi cha makocha kilichowahi kuwa na zana nyingi namna hii. Halafu winga anatolewa dakika ya 80, anaingia winga mwingine, anasimama palepale na kukimbia njia ileile.

Mfano wa enzi zisizo na zana hizo uko hapa hapa. Tarehe 10 Januari 1959 Tooting & Mitcham United, timu ya ridhaa, iliikaribisha Nottingham Forest ya daraja la kwanza katika raundi ya tatu ya Kombe la FA. Uwanja wa Sandy Lane ulikuwa umeganda kwa baridi. Wafanyakazi wa kawaida waliocheza soka Jumamosi wakaenda mapumziko wakiongoza 2-0. Forest walinusurika kwa bao la kujifunga na penalti, wakashinda 3-0 kwenye mechi ya marudiano, na Mei mwaka uleule wakatinga fainali Wembley dhidi ya Luton. Huko Roy Dwight alifunga bao, kisha akavunjika mguu kabla ya mapumziko. Sheria haikuruhusu wa akiba. Ligi ya Uingereza ilianza kuwaruhusu mwaka 1965, na wa kwanza kuingia alikuwa Keith Peacock wa Charlton. Kwa hiyo Forest wakabaki 10 kwa karibu saa nzima, wakashinda 2-1 na kubeba kombe. Hawakuwa na mtu wa kuingiza. Walichoweza ni kujipanga upya, wale waliobaki wakafunika pengo la mwenzao.

Tooting imetoa pia Michail Antonio, aliyeanzia klabu hiyohiyo. West Ham walimtumia kama winga, Slaven Bilić akamjaribu beki wa kulia na jaribio hilo likamgharimu, na David Moyes akamfanya mshambuliaji wa kati. Mtu yuleyule. Kumbe suluhisho mara nyingi liko tayari uwanjani, limesimamishwa mahali pasipo pake.

Mashabiki wa Liverpool wa kwetu wanaikumbuka fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Istanbul 2005 kwa machozi na mabao matatu ndani ya dakika sita. Wachache husimulia kilichofanyika mapumziko wakiwa nyuma 3-0. Rafael Benítez hakuongeza mshambuliaji. Alimtoa beki, Steve Finnan, akamwingiza kiungo mkabaji, Dietmar Hamann, nyuma wakabaki watatu, na Steven Gerrard akapata uhuru wa kupanda. Kocha wetu angeingiza kiungo mkabaji akiwa amefungwa matatu, jukwaa lingemzomea. Na sisi mashabiki tuna lawama hapa, tunapiga kelele za “ingiza straika” kana kwamba mabao huja kwa wingi wa majina.

Sisemi Waafrika Mashariki hatuwezi. Tarehe 10 Agosti 2025 pale Kasarani, Harambee Stars ya Kenya chini ya Benni McCarthy ilibaki na watu 10 mwishoni mwa kipindi cha kwanza, ikiongoza 1-0 kwa bao la Ryan Ogam. Kipindi chote cha pili Morocco, waliokuja kulitwaa kombe lile la CHAN, hawakupata bao. Kwa hiyo nidhamu ya kuteseka tunayo. Tunachokosa ni ujasiri na akili ya kuutumia wingi tunapokuwa nao, na ya kuendelea kucheza tunapoongoza. Cairo mwaka 2019 Taifa Stars iliongoza mara mbili dhidi ya Kenya hiyohiyo na ikalala 3-2.

AFCON ya 2027 imepangwa kuja kwetu, Kenya, Uganda na Tanzania. Viwanja vinajengwa, picha za matofali zinasambazwa, na mawaziri wanakagua nyasi. Mimi nataka TFF, FKF na FUFA wawakalishe makocha wao, wa taifa na wa ligi, mbele ya mkanda wa mechi ya San Pedro kuanzia dakika ya 45, wausimamishe kila dakika tano na kumtaka kila mmoja aseme angemhamisha nani na wapi. Na waandishi wenzangu waache kumuuliza kocha “unazungumziaje mchezo”, swali linalojibiwa kwa kumshukuru Mungu na kuwasifu vijana. Wamuulize alichokibadilisha dakika ya 46, alichokiona kikamlazimisha, na yule mtu wa ziada alimweka wapi. Akishindwa kujibu, jibu hilo lichapishwe ukurasa wa kwanza.